UZI: Mwigizaji akitaka kuchangisha fedha za madansa chipukizi, aanzie wapi? Somo la Debbie Allen na hesabu za Dar

KibaoChaKati (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tumezoea kuona staa wa filamu akitangaza harambee ya kusaidia vijana wanaocheza. Ukumbi unapambwa, zulia jekundu linatandikwa, picha zinajaa mtandaoni. Baada ya miezi sita ukiuliza wale vijana wako wapi, kila mtu anatazama pembeni. Watu wanakimbilia kusema hela imeliwa. Mara nyingi haijaliwa, imeisha tu. Ilichangishwa usiku mmoja, halafu ikapelekwa kwenye gharama inayorudi kila wiki: nauli, chakula, mwalimu, ukumbi wa mazoezi.

Anayefaa kutazamwa hapa ni Debbie Allen. Wengi wanamfahamu kwa Fame, filamu ya 1980 na tamthilia iliyofuata kuanzia 1982, na siku hizi kwa Grey's Anatomy, ambayo anaicheza na kuiongoza pia. Mzaliwa wa Houston, Texas, 1950. Akiwa mtoto alikataliwa kwenye shule ya baleti mjini kwao, enzi ambazo mtoto mweusi alifungiwa mlango hata kama miguu yake ilikuwa inasema kweli. Mwaka 2001 yeye na mumewe Norman Nixon, aliyewahi kucheza kikapu NBA, wakafungua Debbie Allen Dance Academy eneo la Los Angeles, ikasajiliwa kama taasisi isiyogawana faida.

Kinachotuhusu ni injini ya fedha. Shule ina onyesho la kila mwisho wa mwaka linaloitwa Hot Chocolate Nutcracker. Kisa cha zamani cha baleti ya Krismasi wamekivunja na kukijenga upya, ndani yake kuna baleti, hip-hop, tap, ngoma za Kiafrika na mitindo mingine. Wanaocheza ni wanafunzi wenyewe pamoja na wageni wachache wazoefu, na mapato yanasaidia kulipia ada za wanafunzi ambao wazazi wao hawawezi. Yaani mtoto anafundishwa mwaka mzima, onyesho ndilo mtihani wake, na mtihani huohuo ndio unaolipia masomo ya mwaka unaofuata. Mwakani tarehe ikifika, mzazi, mfadhili na gazeti wanajua kuna nini.

Wahisani wakubwa walikuja baadaye. Shule ilihamia jengo lake jipya 2022, na jengo hilo lina jina la Shonda Rhimes, mwandishi aliyeibuni Grey's Anatomy, kwa sababu ya mchango wake. Angalieni mpangilio: miaka 20 ya kazi inayoonekana kwanza, jengo baadaye. Huku kwetu mtu anaanza na mchoro wa jengo.

Naomba wanaojua hesabu, sheria, viatu, sakafu na jukwaa waje. Tuchukulie mwigizaji wa Dar mwenye jina, anataka kubeba vijana 20 kwa mwaka. Inawezekanaje?

---

MhasibuWaMtaa

Uzi mzuri mkuu. Naleta hesabu ya mfano, kila mtu abadilishe namba kulingana na eneo lake.

Vijana 20, siku 4 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, sawa na siku 160 za mazoezi.

Nauli ya daladala kwenda na kurudi tuweke Sh1,400: mara 160 ni Sh224,000 kwa kijana, kwa wote 20 ni Sh4,480,000.

Mlo mmoja baada ya mazoezi Sh2,500: kwa wote ni Sh8,000,000. Hapa ndipo waandaaji wengi wanapokata. Wanaona ubwabwa na maharage ni jambo la nyumbani kwa mtoto. Mtoto aliyetoka shule saa nane bila kula hawezi kuruka saa mbili mfululizo. Ataanguka, au ataacha kuja.

Walimu wawili, Sh30,000 kwa siku kila mmoja: Sh9,600,000. Ukumbi Sh40,000 kwa siku: Sh6,400,000. Viatu laini na nguo za mazoezi, Sh120,000 kwa kijana: Sh2,400,000. Bima ya ajali, barafu, bandeji na usafiri wa siku za onyesho: Sh1,500,000.

Jumla Sh32,380,000. Ongeza akiba ya 10% unapata kama Sh35,600,000. Kwa kijana mmoja ni karibu Sh1,780,000 kwa mwaka.

Sasa tazama: viatu na nguo, vitu ambavyo wafadhili wanapenda kupigwa navyo picha, havifiki hata 8% ya bajeti. Nauli na chakula pekee vimekula zaidi ya theluthi. Bango likisema "changia kiatu" utapata viatu 300 na hakuna atakayekuja kuvivaa.

---

Chekecha

Mhasibu, hiyo milioni 35 inatoka wapi? Hafla moja ya meza za VIP haitoshi?

---

MhasibuWaMtaa

Hafla moja inaweza kutosha mara moja. Mwaka wa pili watu walewale hawaji, au wanakuja na nusu.

Igawe. Onyesho la wanafunzi: ukumbi wa viti 600, siku mbili, ukijaza 75% unauza tiketi 900. Kwa wastani wa Sh15,000 ni Sh13,500,000. Toa ukumbi, sauti, taa, matangazo, tuseme Sh5,500,000, zinabaki Sh8,000,000.

Wachangiaji wa kila mwezi: watu 300 wa Sh5,000 ni Sh1,500,000 kwa mwezi, Sh18,000,000 kwa mwaka. Hapa ndipo jina la mwigizaji lina thamani kuliko kwenye zulia jekundu. Mtu mwenye wafuasi laki kadhaa akipata 300 wa kudumu, amelipa nusu ya shule.

Jumla 26. Inabaki 9.6. Mwenye ukumbi akikubali kuutoa bure saa za mchana ambazo haukodishwi, umepunguza 6.4. Inabaki Sh3,200,000, ambayo ni matangazo ya kulipia kwenye kijitabu cha onyesho au kampuni moja tu.

Tahadhari mbili. Kwanza, wachangiaji wa mwezi wanapungua. Mtu anatuma miezi mitatu, anasahau. Kwenye pesa za simu huwezi kutegemea makato yajiendeshe, kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kutuma ujumbe kati ya tarehe 25 na 30, mshahara unapoingia, wenye Lipa Namba na kiasi. Ukituma tarehe 15 umepoteza ujumbe. Ili kubaki na 300, lenga kuandikisha zaidi ya 400.

Pili, ahadi. Tunajua kamati za harusi zetu: kadi inaandikwa laki mbili, inalipwa elfu hamsini, tena ya kufuatiliwa. Kwenye hafla mshereheshaji anasoma "milioni kumi na tano!" watu wanapiga makofi, halafu mtu wa kamati analipia mavazi kwa hela ambayo haipo. Kitabu cha mapato kiandike fedha iliyoingia tu. Ahadi ziwe daftari lake, na zifuatiliwe ndani ya siku 14. Ikipita hapo, nyingi ndiyo basi tena. Njia bora ni kuweka Lipa Namba juu ya kila meza, mtu akitamka anatuma palepale.

---

WakiliKijiwe

Nidakie hapo kwenye Lipa Namba, maana ndipo balaa linapoanzia.

Usichangishe kwa namba binafsi ya mwigizaji, hata siku moja. Mchangiaji anapoweka namba, kabla hajaingiza neno la siri anaona jina la mpokeaji. Akiona jina la taasisi anatulia. Akiona jina la mtu, hata staa, maswali yanaanza, na matapeli wanapata upenyo wa kufungua namba zao zenye jina linalofanana. Namba ya taasisi inahitaji cheti cha usajili, TIN (namba ya mlipakodi) ya taasisi na vitambulisho vya wanaotia saini. Kwa hiyo usajili kwanza, bango baadaye.

Usajili wenyewe: shirika lisilo la kiserikali linasajiliwa kwa Msajili wa NGOs chini ya sheria ya 2002. Wapo waliokuwa wanapitia BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kama kampuni isiyogawana faida. Tangu mabadiliko ya 2019, kampuni ya aina hiyo inayofanya kazi za NGO inatakiwa iwe kwa Msajili wa NGOs. Njia nyingine ni bodi ya wadhamini kupitia RITA, wakala wa usajili na udhamini. Kwa vijana 20 na mwigizaji mmoja, NGO inatosha.

Kuna kitu kwenye kodi ambacho wengi hawakijui. Sheria ya kodi ya mapato inairuhusu kampuni kuondoa kwenye hesabu ya kodi mchango iliotoa kwa taasisi ya hisani, mradi usizidi 2% ya mapato yake ya biashara. Lakini taasisi lazima itambuliwe na TRA kuwa ya hisani, na malengo yanayokubalika ni kupunguza umaskini, kuendeleza elimu, na huduma za umma kama afya, maji na barabara. Sanaa haimo kwenye orodha hiyo. Katiba yako ikiandika "kukuza vipaji vya dansi na burudani", afisa atakuuliza hisani iko wapi. Ikiandika kutoa elimu na mafunzo kwa vijana wa kaya zisizojiweza, na kweli unafanya hivyo kwa mtaala, mahudhurio na vyeti, una hoja. Andika vizuri mapema, kubadili katiba baadaye ni usumbufu.

Saini za benki: watu watatu, wawili watie saini kila malipo. Mwigizaji awe mlezi au mwenyekiti, asiwe mweka hazina. Hii inamlinda yeye kwanza. Siku akipata skendo, au akisafiri miezi mitatu kurekodi, watoto waendelee kula.

---

Nyamaume

Wakili, na onyesho lenyewe? Kibali ni BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) tu?

---

WakiliKijiwe

BASATA kibali cha onyesho, afisa utamaduni wa halmashauri aliko ukumbi, na polisi kwa ajili ya usalama. Anza mwezi mmoja kabla. Kinachokwamisha watu ni kutangaza tarehe na kuuza tiketi kabla kibali hakijatoka. Tarehe ikisogea, unarudisha hela za watu huku ukumbi umeshakula kianzio chako.

---

MwlHatua

Nizungumzie viatu, maana naona vinadharauliwa halafu vinaua bajeti kwa upande mwingine.

Kiatu laini cha kuanzia, cha turubai au ngozi nyembamba, hakina shida. Mtoto anamaliza jozi mbili hadi tatu kwa mwaka, na mara nyingi anakiacha kwa sababu mguu umekua. Msinunue kikubwa ili akue nacho. Kiatu cha mazoezi kikiwa na nafasi mbele kinajikunja chini ya vidole, anateleza.

Kiatu cha kusimamia ncha za vidole ni habari nyingine kabisa. Kile kichwa kigumu cha mbele hakina chuma wala mbao kama watu wanavyodhani. Ni tabaka za kitambaa, magunia laini na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, juu yake satini, na chini kuna ulimi mgumu unaoshikilia unyayo. Joto na jasho vinalainisha gundi. Kikilainika, kidole kinashuka hadi sakafuni na kifundo kinakosa mhimili. Mchezaji wa kulipwa anaweza kumaliza jozi moja kwa onyesho moja. Mwanafunzi hupata saa 10 hadi 20 za kucheza, basi. Kwa unyevu wa Pwani hesabu 12.

Msichana akifanya nusu saa tu ya ncha kwa siku 160, ni saa 80. Gawa kwa 12, jozi 6 hadi 7. Kwa wasichana wanne ni jozi 28. Jozi moja ikiwa dola 90, ni dola 2,520 bila usafirishaji. Hiyo ni zaidi ya viatu na nguo za vijana wote 20 kwenye bajeti ya Mhasibu.

Namna ya kuvirefusha: kila msichana awe na jozi mbili za kubadilishana, moja ikauke angalau siku nzima. Vitolewe vile vipande vya kujaza mbele, vining'inizwe penye upepo kivulini. Kuvifungia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi ni kuvichemsha. Wengine hupaka shelaki kidogo ndani ya kichwa vikianza kulegea, wakaacha ikauke usiku kucha. Riboni kama mita 2.5 kwa jozi, zinashonwa kwa mkono kwa uzi mnene, na sindano isipite kwenye kamba ya kukazia iliyo ukingoni. Ukiitoboa haikazi tena.

Na msipandishe mtoto kwenye ncha kwa sababu mfadhili anataka picha. Umri wa miaka 11 au 12 kwenda juu, miaka mitatu hivi ya msingi, kifundo na tumbo viwe na nguvu. Mifupa ya mguu bado inakomaa. Mtoto wa miaka minane aliyesimamishwa kwa ajili ya kamera anaweza kulipia baadaye.

Rangi nayo. Satini ya kawaida ni ya waridi, iliyokusudiwa ngozi nyeupe. Wachezaji weusi kwa miaka mingi wamekuwa wakipaka poda ya uso ya rangi yao kwa sponji, jozi baada ya jozi, ili mstari wa mguu usikatike kifundoni. Mwaka 2018 Freed wa London, watengenezaji wa viatu vya baleti, wakishirikiana na kundi la Ballet Black, walitoa viatu vya rangi za kahawia. Kwa hiyo anayeagiza aandike rangi, asikubali "vyovyote vilivyopo".

---

BintiTemeke

Samahanini wakubwa zangu, kwani lazima baleti? Dar ina madansa wa singeli wanaocheza vumbini Manzese na Tandale kuliko hao wa vioo. Wacheza ngoma wa Bagamoyo, TaSUBa ipo pale na historia ya chuo tangu 1981. Mnapiga hesabu za dola 90 kwa kiatu wakati mtu anahitaji spika na sakafu.

---

KibaoChaKati

Upo sahihi dada. Hata Debbie Allen hakujenga shule ya baleti tupu. Onyesho lake linauzika kwa sababu mtu anapanga foleni kuona mitindo ambayo haiko kwenye Nutcracker ya kawaida. Hapa kwetu kitu kinacholingana na hicho ni onyesho lenye sindimba, msewe, singeli na dansi ya kisasa katika kisa kimoja. Tiketi utaiuza kwa Mtanzania na kwa mgeni.

---

MwlHatua

Nami sipingi. Wengi wa hao 20 hawahitaji ncha. Ila dansa wa singeli anahitaji sakafu kuliko hata wa baleti, magoti yake yanapigwa zaidi. FundiSakafu yuko wapi?

---

FundiSakafu

Nipo.

Zege na vigae ndivyo vinavyomaliza ugoko na magoti. Kila kuruka, nguvu inarudi mguuni. Kuweka zulia la plastiki juu ya zege hakubadilishi chochote, kunazuia kuteleza tu. Kinachotakiwa ni sakafu inayobonyea kidogo na kurudi.

Chumba cha mita 8 kwa 10, yaani mita za mraba 80. Chini kabisa vipande vya raba au sponji ngumu. Juu yake mbao za 2x2 katika mistari iliyoachana sentimita 40: upana wa mita 8 unakupa mistari 21, kila mmoja mita 10, jumla mita 210. Mbao zikija za futi 12 unahitaji 58, nunua 64 kwa ajili ya vipande na zilizopinda. Raba kila sentimita 40 kwenye kila mstari ni 26, mara 21 ni 546. Usipunguze raba katikati ya chumba ukidhani haionekani. Hapo ndipo wanaporukia.

Juu ya mbao, plaiwudi mbili za milimita 12, tabaka la pili likatishe la kwanza ili maungio yasikutane. Shiti ya futi 4 kwa 8 ni karibu mita za mraba 3, kwa hiyo 27, ukiongeza 10% ni 30 kwa tabaka, 60 kwa jumla. Tumia skrubu, misumari inatoka yenyewe baada ya miezi ya kurukiwa na itamchana mtu. Vichwa vya skrubu vizame.

Kosa kubwa la Dar: watu wanasukuma plaiwudi hadi ukutani. Masika mbao zinavimba, sakafu inapanda katikati kama tuta. Acha sentimita 1.5 pande zote nne, funika kwa mbao ya ukutani iliyopigiliwa kwenye ukuta, isishike sakafu.

Mwisho zulia la vinili la dansi, roli za mita 2, nne za mita 10. Siku moja kabla zitandaze zilale zenyewe, ndipo ufunge maungio kwa utepe. Kufuta ni maji na sabuni kidogo isiyo na mafuta. Nta haigusi hapo. Ukihama usilikunje, lizungushe kwenye bomba. Mkunjo mmoja hautoki tena.

Na kama ukumbi ni wa kuazima, tengeneza paneli za futi 4 kwa 8 zinazojifunga, ukimaliza unaziegemeza ukutani. Ni kazi kwa vijana kila siku, lakini ni bora kuliko kujenga sakafu kwenye jengo la mtu ambaye mwakani anapandisha kodi.

---

MkunaziNairobi

Salamu kutoka huku. Kenya mfumo umebadilika kidogo: sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilianza kutumika Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990. Kwa michango ya umma watu hutumia Paybill ya shirika, na jukwaa la M-Changa lipo mahsusi kwa harambee.

Onyesho la Desemba si geni kwetu. Dance Centre Kenya huigiza Nutcracker katika ukumbi wa Kenya National Theatre, na baadhi ya wanafunzi wake wanatoka Kibera na mitaa kama hiyo kwa ufadhili. Mwalimu Mike Wamaya naye alifundisha baleti Kibera hadi akafika kumi bora wa tuzo ya Global Teacher Prize 2017. Kwa hiyo wanaodai huu ni mchezo wa Los Angeles pekee waje wakae kiti cha mbele.

Nitie neno kuhusu usaili. Msiwapange watoto kwa mwili. Shingo ndefu na miguu myembamba ndiyo lugha iliyowafungia kina Debbie Allen nje. Wapeni namba kifuani badala ya majina, waamuzi watatu wasiokaa pamoja, kila mmoja aandike alama zake kabla ya kuzungumza. Pimeni mdundo, kumbukumbu ya hatua nane mara nne baada ya kuonyeshwa mara mbili, na jinsi mtoto anavyopokea kusahihishwa. Hilo la mwisho ndilo linaloonyesha nani atabaki mwaka mzima. Halafu mwigizaji asiwe mwamuzi. Mtoto atamwangalia yeye badala ya kucheza, na mzazi aliyekosa atasema staa alichagua watoto wa rafiki zake.

---

Chekecha

Huku Marekani si tufungue GoFundMe tu, diaspora wachange?

---

Mswahili_Maryland

GoFundMe haina Tanzania kwenye orodha ya nchi ambako mwandaaji anaweza kupokea fedha. Kinachotokea ni ndugu mmoja wa huku anafungua kwa jina lake, fedha inaingia benki yake, halafu ni yeye na dhamiri yake. Hata akiwa mwaminifu, ataulizwa na benki, labda na watu wa kodi, na anayechanga hapati punguzo lolote la kodi, kwa sababu amempa mtu.

Njia safi ni kupitia taasisi ya huku iliyosajiliwa kwa kifungu cha 501(c)(3), yaani kile cha taasisi za hisani, ambayo malengo yake yanaruhusu kazi hiyo na ambayo itasimamia fedha kwa makubaliano ya maandishi. Wengi wanakata asilimia fulani kwa usimamizi, jadilianeni mapema. Mchango wa dola 250 au zaidi, mchangiaji lazima apewe barua ya kuupokea ndipo adai punguzo. Na ukiuza tiketi ya chakula cha jioni kwa dola 150 huku chakula chenyewe kina thamani ya dola 60, punguzo ni kwa zile 90 tu. Kwa tiketi inayozidi dola 75 taasisi inatakiwa kuyaandika hayo wazi. Waandaaji wa hafla za Waswahili huku wanalisahau hili kila mara.

Faida nyingine: taasisi za aina hii zinajaza Fomu 990 kila mwaka na iko wazi kwa umma. Shule ya Debbie Allen ni mojawapo, yeyote anaweza kutazama mapato na matumizi yake. Mwigizaji wetu naye aweke ukurasa mmoja wa mapato na matumizi kila robo mwaka, hata kama sheria haijamlazimisha kuubandika mtandaoni.

---

BintiTemeke

Hapo kwenye kubandika, picha za watoto je? Maana staa asipopost hachangishi.

---

WakiliKijiwe

Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kila mzazi asaini fomu inayotenganisha mambo: picha ya mazoezi, picha ya onyesho, jina, sauti. Anaweza kukubali moja akakataa nyingine, na asifukuzwe kwa kukataa. Kisa cha umaskini wa mtoto, na jina lake, na mtaa wake, visikae kwenye chapisho moja. Bandika miguu ikicheza, sauti ya mwalimu akihesabu. Inatosha kabisa kuchangisha.

Mfadhili asimpe mtoto zawadi wala namba ya simu moja kwa moja, kila kitu kipitie ofisi. Na watu wazima wawili wawe chumbani muda wote.

---

Nyamaume

Swali la mwisho kwangu: muziki. Tukitumia ule wa Nutcracker tunalipa nani?

---

KibaoChaKati

Mtunzi ni Tchaikovsky, baleti ilionyeshwa mara ya kwanza St. Petersburg 1892, na yeye alifariki 1893. Kwa sheria yetu haki ya mtunzi inadumu hadi miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo noti ni za wote. Lakini rekodi si noti. Okestra iliyorekodi ina haki zake kwenye ule mkanda, na ukiucheza hadharani kwa tiketi unahitaji leseni. Ukipata vijana watano wenye marimba, zeze na ngoma wakapiga noti zilezile jukwaani, umeepuka hilo na umepata kitu ambacho hakipo kwenye CD yoyote. Ukitumia singeli ya mtu, zungumza naye kabla, maandishi, jina lake liwe kwenye kijitabu, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wajue. Usingoje wiki ya onyesho: nyimbo zikibadilika dakika za mwisho, hesabu za hatua zote zinabadilika na watoto ndio wanaoaibika.

---

MwlHatua

Ongeza hapo: mazoezi ya mwisho yafanyike na waleule wapigaji angalau mara tatu, na mmoja wao akae anapowaona wachezaji. Marimba ikikimbia kidogo tu, anayezunguka anamaliza mzunguko hewani. Mpeni mpiga ngoma kiti cha pembeni mbele, asikae nyuma ya pazia.

---

MhasibuWaMtaa

Na mpiga ngoma alipwe. Hayumo kwenye bajeti yangu hapo juu. Wapigaji watano, mazoezi matatu na maonyesho mawili, Sh30,000 kila mara: Sh750,000. Itoke kwenye ile akiba ya 10%, mwakani iwe na mstari wake.